Mkataba wa Mhadhiri Ukivunjwa, Anayerudi Nyumbani ni Wewe



Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni wahadhiri walipogoma siku 54. Nilibeba begi nikarudi nyumbani, na huko kwetu kazi yangu ikawa moja tu: kumlaumu mhadhiri. Kodi ya chumba inahesabika, masomo hakuna! Nilimwona yeye ndiye adui. Nilikosea.

Hebu tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Chama cha wahadhiri, UASU, kinakaa mezani na mabaraza ya vyuo vya umma. Wanavutana, wanakubaliana, wanatia sahihi, mkataba unasajiliwa mahakamani. Huo ndio CBA. Lakini pesa ziko Hazina ya Taifa. Anayetia sahihi siye anayelipa. Hapo ndipo mchezo ulipo.

Septemba 2025 wakagoma tena, siku 49. Walidai nini? Shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Piga hesabu, komredi. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mkataba huo ulipoanza kuhesabiwa ndiye aliyeripoti chuoni 2025 akakuta milango imefungwa. Serikali ilikubali kulipa kwa awamu mbili baada ya mgomo, si kabla. Sasa mnashangaa kwa nini watu wanagoma?

Na haki hii hatukupewa bure. Mwaka 1980 serikali ya Moi ilipiga marufuku chama cha wahadhiri. Mwaka 1993 waligoma wakidai tu kusajiliwa, na wengine wakapoteza kazi. Usajili ulikuja 2003, Moi akiwa ameshaondoka. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba kinalinda haki ya kujadiliana kwa pamoja na haki ya kugoma.

Najua mtaniuliza: na sisi tuliopoteza muhula je? Swali la haki kabisa. Mgomo unamuumiza mwanafunzi kwanza, na wahadhiri wasijifanye hawalijui hilo. Lakini serikali inayoweza kukalia mkataba uliosajiliwa mahakamani, ahadi yako ya mkopo, ambayo haina hata sahihi, itaiheshimu vipi?

Ndiyo maana nasema jambo moja, na nalisema kwa chama chetu pia. Tusiishie kupiga kelele kwa sababu tuko upinzani. Tuandike kwenye manifesto yetu: Hazina iwe mezani tangu siku ya kwanza, na hakuna CBA itakayotiwa sahihi bila fungu lake kwenye bajeti. Tukiingia serikalini tukakosa kulipa, nyinyi vijana muwe wa kwanza kutushika mashati.

Mgomo ujao ukitangazwa, kabla hujamtukana mhadhiri, uliza: nani alitia sahihi, na nani hajalipa?