KILIO CHA MTOTO MCHANGA NA DAWA ZA MITI ZA KIHINDI



Sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini tu wazazi, na kilio cha mtoto usiku hakichagui nyumba ya karani wala ya mkulima.

Twataka kusema habari ya mtoto aliaye jioni kwa jioni, amekunja miguu, amekaza ngumi, tumbo gumu kama ngoma. Mama humpakata, humwimbia, wala hanyamazi. Watu husema ana msokoto wa tumbo. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walitoa kipimo chake: mtoto mwenye afya aliaye zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, kwa zaidi ya majuma 3. Kilio hicho huzidi yapata juma la 6, na kwa kawaida hukoma chenyewe mtoto afikapo miezi 3 au 4. Sababu yake haijajulikana kwa hakika hata leo.

Katika Bara Hindi uko uganga wa kale uitwao Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Vitabu vyake vikuu huitwa kwa majina ya Charaka na Sushruta, na kile cha Kashyapa hushughulika hasa na watoto. Waganga wake hufundisha kwamba mwili huongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Vata ndiyo ya upepo. Ikizuiliwa tumboni huleta maumivu. Kwa hiyo hutafuta vitu vya moto vya kuutoa upepo.

Cha kwanza ni mvuje, ambao watu wa pwani yetu waujua kwa harufu yake kali. Huyeyushwa kidogo katika maji ya vuguvugu, ukapakwa kuzunguka kitovu. Cha pili ni ajwani, mbegu ndogo zifananazo na bizari. Hukaangwa kavu, hufungwa katika kitambaa, na mama akiisha kujaribu moto wake kwa mkono, hulikanda tumbo la mtoto polepole. Mara nyingi mama mwenyewe hunywa maji ya ajwani au ya shamari, kwa kuamini kwamba faida hupita katika maziwa. Tena iko dawa iitwayo ghutti: mizizi na matunda, kama kungumanga, husuguliwa juu ya jiwe kwa maziwa, na mtoto hulambishwa.

Je, zafaa? Yatupasa kusema kweli pande zote mbili. Mwaka 2003 madaktari wa Urusi walitoa habari za watoto 121 waliojaribiwa kwa mafuta ya mbegu za shamari. Katika waliopewa, 65 kwa mia walipona kilio. Katika wasiopewa, kama 24 kwa mia tu. Basi wazee wa kale hawakubahatisha tu. Lakini mwaka 2004 dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani, zilipimwa, na 14 zikaonekana zina risasi, zebaki au aseniki, ambazo ni sumu. Mvuje nao ulipata kumdhuru mtoto mchanga aliyenyweshwa, hata damu yake ikashindwa kuchukua hewa.

Sasa tuwape habari yetu wenyewe. Mtoto wetu wa pili alianza kulia hivi tangu juma la 3. Jirani yetu Mhindi, mtu mwema, alitupa ajwani akatufundisha kukanda. Mtoto alituliza moyo wake akalala, nasi tukaamini kwamba dawa ya kila kilio ni ile. Jioni moja akalia tena, tukawasha moto, tukakaanga mbegu zetu. Hatukuangalia kwamba tangu adhuhuri hakunyonya, na kwamba kilio chake kilikuwa chembamba kama cha paka. Bibi yake ndiye aliyemgusa paji la uso akasema, “Mwanangu, weka chini kitambaa hicho. Huyu ana homa.” Tulifika hospitali usiku wa manane, wakaona malaria katika damu yake. Alipona. Lakini tuliambiwa kwamba lau tungalingoja asubuhi, pengine tungalimkosa. Kosa halikuwa la ajwani, lilikuwa letu.

Basi, ndugu zetu, shauri letu ni hili. Kukanda tumbo kwa kitambaa cha vuguvugu si vibaya, wala kumpakata na kumtoa upepo baada ya kunyonya. Lakini kinywani mwa mtoto asiyetimiza miezi 6 yasiingie ila maziwa ya mama, au dawa aliyoagizwa na daktari. Asali asipewe kabla ya mwaka 1. Mama akichoka, ampokeze mwingine. Mtoto asitikiswe kamwe kwa hasira. Na akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika rangi ya kijani, akitoa damu chooni, au akilegea, msikaange kitu. Mchukueni hospitali saa ile ile.

Waalimu, wafundisheni vijana dalili hizi. Wazee, msiache kusikiliza bibi zetu. Mmoja wao aliokoa nyumba yetu.