Kuutambua Uvimbe wa Ubongo Bila Kupasua Fuvu



Hakuna kamanda mwenye busara anayepandisha kikosi chake kilima asichokijua. Kwanza hutuma wapelelezi, wakamletea habari za njia, za maficho na za nguvu ya adui; ndipo naye hutoa amri. Kanuni hiyo kila kuruti hufundishwa. La kusikitisha ni kwamba yanapokuja maradhi ya kichwa, wengi wetu huisahau. Askari aliyekuwa hodari akianza kusahau amri, akawa mkali bila sababu, au akaanguka kwenye gwaride huku mwili ukitetemeka, hukumu hutolewa kabla ya upelelezi. Huyu husema ni ulevi, yule husema ni uvivu, na wa tatu hunong'ona kwamba amerogwa. Je, nani amekwisha kutazama ndani ya kichwa hicho?

Ubongo umefungiwa katika sanduku la mfupa. Uvimbe ukiota humo, hauna nafasi ya kujitanua; hugandamiza sehemu zinazoongoza maneno, macho, mikono, miguu, na hata tabia ya mtu. Kwa miaka mingi njia ya kuujua uvimbe kwa yakini ilikuwa moja tu: kutoboa fuvu, kukata kinyama na kukipima kwa darubini. Njia hiyo ingali ina heshima yake, lakini ina gharama pia. Mkono wa daktari ukipita mahali pagumu kufikika, damu yaweza kuvuja, au mgonjwa akaamka akiwa hawezi kusema.

Watu wa Gisenyi hawahitaji kufundishwa maana ya kupima jambo lililofichika. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena mwaka 2002 na mwaka 2021. Hakuna mtaalamu aliyeupasua mlima ili ajue yaliyomo tumboni mwake. Wao husikiliza mitetemo yake, hupima gesi zake, hutazama jinsi ardhi inavyovimba. Kwa vyombo vya namna hiyo, mtu husoma ya ndani huku amesimama nje.

Kipimo cha MRI hufanya kazi ya namna hiyo kwa ubongo. Mwaka 1973 mwanasayansi Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha ya kwanza ya aina hii. Peter Mansfield wa Uingereza naye akaiendeleza njia hiyo, na mwaka 2003 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku yenye nguvu sana. Sumaku ya kiwango cha kawaida cha hospitali, yaani tesla 1.5, huzidi nguvu ya sumaku ya dunia kwa takriban mara 30,000. Mwili wetu umejaa maji, na chembe za hidrojeni zilizo katika maji hayo huitii sumaku. Kisha hupelekwa mawimbi ya redio, jamii moja na yale yanayoyaleta mazungumzo haya. Chembe hizo huyapokea na kuyarudisha, na kompyuta huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Hapana kisu, wala hapana mionzi ya eksirei.

Picha hizo hazionyeshi mahali pa uvimbe peke yake. Daktari huuliza maswali mengi kwa zamu. Je, uvimbe umeota ndani ya ubongo wenyewe, au katika utando unaoufunika? Ule wa utando, uitwao meningioma, mara nyingi si saratani. Je, dawa ya gadolini inayodungwa mshipani huvujia ndani ya uvimbe na kuufanya ung'ae? Je, maji husogea kwa urahisi, au seli zimesongamana hata yakakosa njia? Je, damu inayoulisha ni nyingi kupita kiasi, kama ilivyo mara nyingi kwa uvimbe mkali? Tena, mashine hiyo hiyo yaweza kupima kemikali zilizomo, ikaonyesha kama seli za neva zinapungua na seli mpya zinazaliana mbio.

Elimu hiyo inazidi kusonga mbele. Mwaka 2017 watafiti walieleza alama moja ya pekee: uvimbe unaong'aa wote katika picha ya aina moja, lakini katika picha ya aina nyingine unafifia katikati, ukabaki na ukingo ung'aao. Alama hiyo ikionekana wazi kwa mtu mzima, mara nyingi sana uvimbe huwa ni astrositoma yenye badiliko katika jeni iitwayo IDH. Habari hiyo ni nzito, kwa kuwa wenye badiliko hilo kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi kuliko wasio nalo. Basi, jambo lililohitaji maabara sasa laanza kusomeka katika picha. Hata hivyo, alama hiyo isipoonekana, haikanushi lolote.

Hapo ndipo penye tahadhari. Nyiragongo ya mwaka 2021 iliwashtua watu bila onyo la kutosha, ingawa vyombo vilikuwapo. Vivyo hivyo, picha ya ubongo yaweza kudanganya. Katika nchi zetu, kifua kikuu kinaweza kuweka donge ndani ya ubongo. Minyoo ya tegu ya nguruwe inaweza kujificha humo. Na mtu mwenye upungufu wa kinga anaweza kupata uambukizo unaofanana sana na uvimbe. Maradhi hayo yana dawa zake. Kwa hiyo picha husomwa pamoja na vipimo vya damu na historia ya mgonjwa, na palipo na shaka darubini hubaki kuwa hakimu. Faida ya picha ni kumwambia mpasuaji kama kuna haja ya kukata, akate wapi, na asiguse wapi.

Sasa ndugu askari, liko jambo linalowahusu ninyi kuliko raia wengine. Sumaku ya MRI haizimwi baada ya kazi. Huvuta usiku na mchana. Mwaka 2000, katika jimbo la New York, bastola ya askari polisi aliyekwenda kupimwa ilivutwa na sumaku, ikajifyatua yenyewe na risasi ikaingia ukutani. Mwaka 2023 nchini Brazili, mtu aliyemsindikiza mama yake aliingia na bastola kiunoni. Ilifyatuka, naye akafa kwa jeraha hilo. Basi anayemsindikiza mahabusu asivuke mlango wa chumba hicho na bunduki, pingu, magazini wala simu ya upepo. Na aliyebaki na kipande cha kombora au cha bomu mwilini, hasa karibu na jicho, amweleze mpimaji kabla ya kulala kitandani, maana chuma kile chaweza kusogea. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mficha chuma pia.

Mtauliza, je, askari wa Gisenyi atafikaje huko? Safari huanza kwa tabibu wa kikosi au kituo cha afya, hupitia hospitali, na mara nyingi huishia Kigali, ambako hospitali kama King Faisal ina mashine hiyo. Ikibainika kwamba tiba ya mionzi inahitajika, Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ilianza kuitoa mwaka 2019, hata mgonjwa halazimiki tena kuvuka mipaka kwa ajili hiyo. Na bima ya matibabu ya MMI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, huwahudumia wanajeshi na polisi pia.

Kwa hiyo neno letu la leo ni kwa wakubwa wa vikosi. Maumivu ya kichwa yanayozidi kila alfajiri pamoja na kutapika, kifafa kinachomwanza mtu mzima, mkono unaolegea, jicho linalofifia, au tabia inayogeuka ghafla: hayo si makosa ya nidhamu mpaka tabibu atamke hivyo. Si kila mwenye dalili hizo ana uvimbe. La hasha, wengi hawana. Lakini afande anayemtia askari mahabusu badala ya kumpeleka kwa daktari aweza kuwa anaipoteza miezi ambayo uvimbe ulikuwa ungali mdogo. Adhabu yaweza kungoja wiki moja. Ubongo unaogandamizwa haungoji.

Tupeleleze kwanza, ndipo tuhukumu.