Asili ya Uadui Baina ya Wanadamu



Tangu Kabili alipomwua Habili watu wamekuwa wakiuliza swali moja: ukali huu wa mwanadamu juu ya mwanadamu mwenziwe watoka wapi? Wako wasemao kuwa umo damuni, kama sumu katika jino la nyoka. Jawabu hilo ni jepesi, nalo lawafaa mno wenye makosa, kwani aliyezaliwa na sumu halaumiwi kwa kuuma.

Muzafer Sherif hakuridhika nalo. Yeye alizaliwa Ödemiş, katika nchi ya Waturuki, na mwezi wa Mei 1919, askari wa Kiyunani waliposhuka Izmir, aliona kwa macho yake watu wakiuawa, naye bado kijana mdogo. Baadaye, alipokuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, aliazimia kuuchungua uadui tangu unapochipua.

Mwaka 1954 yeye na wenzake waliwachukua wavulana 22, wa umri wa miaka kama 11, wakawapeleka kambini mahali paitwapo Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Walichaguliwa kwa uangalifu: wote rangi moja, dini moja, hali moja ya maisha, wala hapana aliyemjua mwenziwe. Wakagawanywa makundi mawili, na muda wa wiki moja kila kundi halikuwa na habari ya jingine. Hawa wakajiita Tai. Wale wakajipa jina la nyoka mmoja mwenye sumu wa nchi ile.

Kisha wakakutanishwa katika michezo ya kushindania nishani na visu vya mfukoni, tuzo ambazo upande mmoja tu ungezipata. Siku hazikupita nyingi, matusi yakaanza, bendera ikachomwa moto, mabweni yakavamiwa, na wengine wakatia mawe katika soksi wapate kupigania. Nao ni watoto wa watu, waliolelewa vyema! Hapakuwa na kisasi cha mababu wala deni la damu. Palikuwa na mgawanyo, na kitu kimoja cha kunyang'anyana.

Walimu wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwalisha pamoja, wakarushiana chakula. (Wakumbuke hayo wale wadhanio kuwa karamu moja yatosha kuondoa chuki.) Kilichowalainisha ni shida. Maji yalipokatika kambini walitafuta pamoja palipoziba, na lori la kuletea chakula lilipogoma kwenda wakalivuta wote, kwa kamba ile ile waliyokuwa wakivutana nayo. Siku ya kurejea makwao walipanda basi moja, na waliokuwa wameshinda dola 5 wakazitumia kuwanunulia vinywaji hata maadui wao wa jana.

Liko jambo lisilosimuliwa sana. Mwaka uliotangulia, 1953, Sherif alifanya jaribio kama hilo katika jimbo la New York, nalo likavunjika. Mara ile watoto walikuwa wamekwisha kufanya urafiki kabla ya kugawanywa. Walimu wakawachokoza kwa siri ili kila kundi lilishuku jingine. Watoto wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, na waliowashuku mwishowe ni wakubwa.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Nchini Rwanda watu husema lugha moja na kukaa kilima kimoja, lakini utawala wa Kibelgiji uliwaandikia kabila katika vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994, tangu Aprili hadi Julai, vitambulisho vyenye maandishi hayo vilisomwa katika vizuizi vya barabarani ili kuchagua wa kuuawa, huku redio ya RTLM ikiwaita watu mende. Waliopanga mambo hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa elimu na madaraka.

Hata hivyo katika mtaa wa Nyamirambo, mjini Kigali, Waislamu, Wahutu kwa Watutsi, walikuwa wamekwisha kuchanganyika zamani kwa ujirani, ndoa na biashara. Si wote waliosalimika na dhambi ile. Wapo waliochafua mikono yao. Lakini wengi walikataa kutenganishwa, wakawaficha waliowindwa majumbani mwao na misikitini, wakiwemo majirani wasio wa dini yao.