KUNUNUA ARDHI KANDO YA MTO NZOIA
Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moi's Bridge



Katika mashauri yaliyoletwa mbele ya halmashauri yetu mwaka huu, moja lilituhuzunisha kuliko yote. Mwenzetu mmoja aliuza mahindi ya misimu miwili pamoja na fahali wake, akanunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 ukingoni mwa Nzoia. Mwenye kuuza alianza kuhesabu hatua penye matete, akapanda juu hata futi 100 zikatimia. Mwenzetu akafurahi kwamba amepata ardhi na maji pamoja. Alipochimba msingi wa nyumba, akakatazwa. Akatuletea karatasi yenye sahihi za mashahidi wawili, nasi hatukuwa na dawa ya kumpa.

Kwa hiyo twaona yafaa kueleza mtu hununua nini anunuapo ardhi ya mtoni.

Kwanza, mto wenyewe haununuliwi. Katiba ya mwaka 2010 yahesabu mito kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema maji yameshikwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Kuteka kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Lakini atakaye kutia pampu na kumwagilia shamba, sharti aombe kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Pili, ukingo una masharti. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30 kila upande, kwa kadiri ya upana wa mto. Ukanda huo hupimwa tangu ukingo wa mto, wala si penye matete. Ardhi hiyo yaweza kuwa ndani ya hati yako, na bado usiwe na ruhusa ya kujenga juu yake. Hesabuni wenyewe: meta 30 ni karibu futi 98. Katika kiwanja cha mwenzetu zingebaki futi 2, nazo hazitoshi hata kitanda.

Msidhani jambo hili ni la wanyonge tu. Mwezi wa Agosti 2018, huko Nairobi, majengo makubwa ya maduka yalibomolewa kwa sababu yalisimama kando ya mito, ingawa wenyewe walisema wana hati na vibali.

Tatu, huyo auzaye ana haki gani? Katika nchi yetu hii mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa baada ya Uhuru na makampuni na vyama vya ushirika, na wengine hata leo wana hisa bila hati. Hisa si hati. Yakupasa kwenda ofisi ya ardhi ukachunguze daftari, kisha umwite mpimaji akuonyeshe mipaka, maana ramani ya daftari mara nyingi huikadiria tu. Kwa ardhi ya kilimo, ridhaa ya Bodi ya Ardhi huombwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano, kwa sheria ya mwaka 1967. Tena, mke au mume wa mwenye kuuza aulizwe, asije akasimama baadaye na kusema hakukubali.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chama hakina uwezo wa kurudisha fedha zilizokwisha kutolewa. Lakini tuna kalamu, na tuna miguu ya kufuatana nanyi hadi ofisi ya ardhi. Tafadhali, ndugu zetu, tuleteeni karatasi kabla ya kulipa, si baada yake.