Kauli Njema ni Sehemu ya Huduma

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Lalago



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya jambo ambalo halina fungu katika bajeti, lakini likikosekana huduma zote huharibika: namna tunavyosemezana katika ofisi, zahanati, shule na mizani ya pamba.

Kisukuma kina utaratibu wake. Hatumwendei mtu kwa shida kabla ya kumjulia hali, nyumba yake na mifugo yake, na kijana huinama mbele ya mkubwa. Ajabu ni kwamba tukishafika dirishani pa ofisi, wa ndani na wa nje, adabu hiyo tunaiacha mlangoni. Wa ndani hajibu shikamoo, macho yako kwenye simu. Akifungua kinywa ni "njoo kesho". Wa nje naye huruka foleni akigonga meza: "Unanijua mimi ni nani?"

Msidhani hili ni dogo. Mama mjamzito aliyefokewa mbele ya watu kwa kuchelewa kuanza kliniki huenda asirudi tena; shinikizo la damu ambalo lingegunduliwa mapema likagunduliwa siku ya uchungu. Bibi anayejua Kisukuma pekee, akichekwa kwa Kiswahili chake, hurudi nyumbani na shida yake ileile. Na mtumishi anayetukanwa tangu asubuhi huchoka, kisha hasira yake humwangukia mgonjwa wa jioni asiye na kosa. Jeraha la neno halionekani, lakini humfungia mtu mlango wa huduma.

Nchi yetu ililiona tatizo hili zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, maana uhuru haukuja ili ubwana wa mkoloni urithiwe na mwananchi mwenzetu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Baadaye ikaja Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na taasisi za umma zikaandaa Mikataba ya Huduma kwa Mteja. Kwa hiyo mtumishi anayekupokea kwa staha hakufanyii hisani, anatimiza wajibu.

Ila haki haiendi peke yake. Wapo wanaosema, "Mshahara wako nalipa mimi," kana kwamba kodi inanunua ruhusa ya kutukana. Kodi hiyo wameilipa pia wote walio nyuma yako kwenye foleni. Mwenye gari na mwenye jembe wana namba moja moja. Anayetangulizwa ni mgonjwa mahututi, mzee, mjamzito na mwenye ulemavu.

Naomba basi tuanze na mambo machache. Mtumishi aitikie salamu kabla ya kuuliza shida. Badala ya "njoo kesho", aeleze kilichokwama, siku ya kurudi na mtu wa kumwona. Anayetembea kutoka kijijini kwa miguu anastahili kujua safari yake ya pili ina sababu. Makosa ya mtu yasemwe kwa sauti ya chini, na habari za ugonjwa wake zisisikike barazani. Mwananchi naye aseme "naomba" na "samahani", aje na karatasi zinazotakiwa, na akihudumiwa aseme "wabeja". Nyumbani tuwaoneshe watoto hayo hayo, kwa kuwa mtoto anayesikia mama yake akiamriwa kama mtumwa atakwenda kumwamuru mwenzake shuleni.

Wala nisieleweke kwamba adabu ni kunyamaza. Aliyecheleweshewa haki yake aulize, tena kwa uthabiti. Asipojibiwa, amwone Mtendaji wa Kijiji, kisha Mtendaji wa Kata, Diwani, hadi Mkurugenzi Mtendaji. Ataje siku, mahali na jambo lililotokea. Malalamiko yaliyosemwa kwa utulivu hufuatiliwa kwa urahisi kuliko matusi. Na mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndio uwanja wenu wa kuuliza mapato, matumizi na mwenendo wa tunaowahudumia ninyi.

Wahenga walisema kauli njema humtoa nyoka pangoni. Sisi hatuna nyoka wa kumtoa; tuna mama wa kumrudisha kliniki na mzee wa kumsikiliza shida yake. Tuanze kesho asubuhi, kila mmoja kwenye dirisha lake.