Kushuhudia Imani kwa Njia ya Ujirani: Mafundisho kutoka Buzwagi na Ukanda wa Dhahabu



Usharika unapotimiza miaka mia moja, huhesabu waliobatizwa, makanisa yaliyojengwa na wainjilisti waliotumwa. Ni haki kufanya hivyo. Lakini liko swali ambalo vitabu vya ubatizo havilijibu: majirani wa dini nyingine wanawasema vipi Wakristo wanaoishi nao?

Swali hilo lina uzito wa pekee huko Buzwagi, wilayani Kahama, na katika ukanda wote wa dhahabu kutoka Shinyanga hadi Geita. Dhahabu iliwavuta watu wa kila kabila. Mlutheri kutoka Bukoba au Kilimanjaro alijikuta akipanga nyumba moja na Mwislamu kutoka Tabora, na pembeni yao mzee wa Kisukuma anayeshika mila za baba zake. Kisima chao ni kimoja, soko lao ni moja, na msiba ukitokea wote huenda matangani. Huko ndiko Injili inakosomwa kwanza, kabla haijasikiwa kanisani.

Bwana Yesu mwenyewe aliifuata njia hiyo. Katika Injili ya Yohana sura ya 4, alianza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kumwomba maji. Mwenye maji ya uzima alikubali kuwa mhitaji mbele ya mtu wa imani nyingine. Mkristo anayetaka kutoa tu, asiyekubali kupokea kitu kwa jirani, hajafika kisimani.

Ukanda huu umetoa mafundisho matatu.

La kwanza ni kubeba mzigo pamoja. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa sahihi London mwaka 2007, ulizua mjadala mkali Bungeni. Machi 2008 BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo KKKT ni mwanachama wake, na Baraza la Maaskofu Katoliki walitoa kwa pamoja ripoti iliyoonyesha jinsi taifa lilivyofaidika kidogo na dhahabu yake. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3, ulipandishwa hadi 4 kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na hadi 6 kwa marekebisho ya mwaka 2017. Masheikh na maaskofu hawakuunganisha imani zao ili waseme neno moja. Kila mmoja alisimama juu ya imani yake, wakakutana katika haki ya maskini. Mwislamu aliyemwona Mkristo akimtetea mchimbaji mdogo bila kuuliza dini yake alikuwa amekwisha kuhubiriwa.

Fundisho la pili ni chungu. Kwa miaka mingi Watanzania walizoea Mwislamu achinje, ili watu wa dini zote wale nyama ya bucha moja. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ubishi juu ya haki ya kuchinja uliishia katika kumwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Hakuna haki ya kitoweo iliyo sawa na uhai wa mtu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo hilohilo la nyama: alijua uhuru wake, lakini akaupima kwa upendo. Na Martin Luther, akieleza amri ya nane katika Katekismo Ndogo, anafundisha kwamba jirani atetewe, asemwe vema, na mambo yake yafasiriwe kwa wema. Amri hiyo haimbagui jirani aendaye msikitini. Anayesimulia uongo juu ya Uislamu, hata akiwa mimbarani, ameivunja.

La tatu ni ukweli. Tangu mwaka 2007 Kanda ya Ziwa iliaibishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na katika uvuvi. Shule ya Buhangija, Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto wao. Hapo ujirani mwema haumaanishi kunyamaza. Lakini atakayesikilizwa na mchimbaji anayeshawishiwa na mganga ni yule aliyekula naye ugali na kumuuguza alipougua. Akimwambia kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, neno lake litakuwa na mahali pa kukaa.

Mkristo basi afanye nini? Amtembelee jirani siku ya Idi na kumkaribisha Krismasi. Ajifunze imani ya mwenzake kutoka kinywani mwa mwenzake. Na akiulizwa sababu ya tumaini lake, amtaje Kristo waziwazi, kwa upole na heshima, kama Petro anavyoagiza. Urafiki usiwe chambo. Jirani asiyebatizwa kamwe abaki kuwa jirani apendwaye. Kuongoa moyo ni kazi ya Roho Mtakatifu.

Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Mitambo ilinyamaza, majirani wangali wapo. Bwana aujalie usharika huu, katika karne yake ya pili, kuwa jirani wa kweli. Amina.