Sensa Nyuma ya Injini

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya maendeleo. Niwieni radhi. Maendeleo nimeyaandika miaka mingi katika majalada ya serikali, na leo naomba nipumzike. Nitasema juu ya kifaa kisichozidi sana ukubwa wa plagi, ambacho Desemba 2024 kilinilaza chini ya gari nyumbani kwetu Mlola, na juu ya mtu aliyenitoa huko chini.

Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 2002, nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Taa ya injini iliwaka. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi; taa ikabaki. Gereji ya pili wakanishauri nikate masega, yaani kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, niwauzie wao, na taa nitaizoea. Ndani ya masega mna madini ya thamani kama platini, ndiyo maana wanunuzi hawaishi. Nikakataa. Lakini petroli ilikuwa ikiisha upesi kuliko mshahara, na nilipoianza ile milima kutoka Mombo, gari lilinuka petroli mpaka watoto wakafungua madirisha.

Vijana wa sayansi nisikilizeni. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja inahitaji hewa kilo 14.7 hivi. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini karibu mita 1,400, na katika kupanda mita 1,000 namna hiyo hewa huwa nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Magari ya kabureta yalizidiwa petroli yakifika huku juu. Gari la nozeli lina kompyuta: linapima hewa inayoingia, na kosa linalobaki linasahihishwa na sensa ya oksijeni, ambayo kazi yake ni kunusa moshi.

Ncha ya sensa ya kawaida ni kauri ya zirkonia. Ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi inakuwa seli ya umeme, upande mmoja moshi na upande wa pili hewa ya nje. Petroli ikizidi inatoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, karibu 0.1. Kanuni yake ilitolewa na Mjerumani Walther Nernst mwaka 1889. Kiwanda cha Bosch kilianza kuitengeneza sensa yenyewe kwa ajili ya magari mwaka 1976. Sisi tuliikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba imo kwenye ekzosi.

Sensa ikichoka inaweza kusema uongo kwamba hewa imezidi, na kompyuta inamwaga petroli zaidi. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Kwa hiyo yale masega niliyokataa kuyauza nilikuwa nayaua mwenyewe polepole.

Sensa mpya nilikuwa nimeinunua. Kazi ilikuwa kuifikia. Katika gari langu injini imekingama, ekzosi iko nyuma yake, na sensa imejificha kati ya injini na ukuta wa mbele ya abiria. Kutoka juu mkono unaingia lakini spana haizunguki. Kutoka chini spana inazunguka lakini huoni kitu. Juu yake kuna bati la kuzuia joto lenye bolti zilizoshikwa na kutu. Nilihangaika tangu asubuhi. Nikachubuka vidole, nikazungusha pembe za nati kidogo, na majirani wakawa wamekwisha kukusanyika kumtazama msomi wao.

Ndipo akaja fundi mmoja, ambaye hataki nimtaje. Kwanza alinitoa chini kwa sababu nilitegemea jeki peke yake, akaweka magogo. Akamwagia nati mafuta ya kulegeza kutu, akataka tunywe chai. Baada ya saa mbili akawasha injini dakika chache, akazima, akasubiri chuma kipoe kidogo tu, kibaki na uvuguvugu.

Akaniuliza, "Hii ya zamani utaitunza?"

Nikasema hapana.

"Sasa waya wake tunauogopea nini?"

Akaukata kwa koleo! Mimi asubuhi nzima nilikuwa nikihangaika na spana ya mdomo wazi kwa ajili ya ule waya. Waya ulipoondoka, spana ya duara ya 22 ilivaa nati yote, akaongeza bomba kwenye mpini, akavuta mara moja bila kutikisa. Ikalia kwa sauti kali, nikadhani imekatika. Ilikuwa imeachia.

Mpya alinipa niifunge mimi. Grisi ya joto kwenye meno tu, kamwe si kwenye ncha. Nusu mzunguko ikagoma. Watu wanatazama, nikanyoosha mkono kuchukua spana. Akanishika kifundo. "Mgosi, rudisha. Imeingia upande." Ningekaza, ningeharibu meno ya ekzosi, na huo ungekuwa mwisho wa safari yangu. Nikairudisha, nikaianza upya kwa vidole, ikaenda mpaka mwisho laini. Spana tuliitumia kumalizia tu.

Taa ilizimika. Kurudi nilikokwenda, tangi lilibaki na zaidi ya robo.

Fundi huyo tulikaa dawati moja kidato cha pili. Kidato cha tatu ada ilimshinda baba yake. Katika daftari la chama chetu jina lake halimo, kwa kuwa tunaandika waliofanya mtihani wa kidato cha nne tu. Ndugu Mwenyekiti, naomba kifungu hicho kiingizwe katika ajenda ya alasiri kijadiliwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema. Mwenyewe yuko hapo nje. Nilikuja naye, na nasikia gari la shule nalo taa inawaka.